Mstari Aliouona Bi Sanifu

Studio ya vitabu vya sauti ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Ukipanda ngazi unakuta korido nyembamba na milango mitatu: chumba cha kurekodia kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili zimeze mwangwi, ofisi ya mkuu wa studio, na chumba cha mitambo ambamo feni haikuzimwa hata siku za baridi. Watu wenye macho mazima waliingia pale wakasoma vitabu kwa sauti, na watu wasioona wakapelekewa majumbani wasikilize. Mwanamke aliyeshinda kwenye chumba chenye feni ndiye aliyehakikisha kwamba kilichosomwa hakipotei. Wote walimwita Bi Sanifu.

Jina hilo alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye naye alikuwa na la kwake: Chapchap. Alikuwa mtu wa kumaliza chai ingali inafuka. Bi Sanifu ndiye aliyemtafutia kazi pale studio alipokuwa amekaa nyumbani muda mrefu anahesabu dari, na wiki ya kwanza tu ya kukaa meza moja, jina likazaliwa.

Lilitokana na namna Bi Sanifu alivyoandika skripti. Pale studio kompyuta zilijifanyia kazi zenyewe jioni, watu wakishaondoka, kwa kufuata mafaili ya amri aliyoyaandika yeye: hamisha hiki, kagua kile, nakili hiki kwenye mashine ya akiba. Amri hizo husomwa na programu inayoitwa shell, ambayo kazi yake ni kama ya karani wa kaunta, unamwambia, anatekeleza. Sasa, makarani hawa hawafanani. Wapo wa kisasa, walioongezewa maarifa na njia za mkato za kila aina. Wapo pia wale wa mashine ndogo na za zamani, wanaojua ya lazima tu. Skripti iliyojaa mbwembwe za yule wa kwanza ikipelekwa kwa wa pili, anagoma.

Bi Sanifu alijifunza hayo kwa taabu. Ajira yake ya kwanza ilikuwa bohari ya dawa iliyopokea kompyuta za msaada, kila moja imetoka kwake na ina tabia zake, na alikuwa akiandika skripti asubuhi inakubali kwenye mashine hii, mchana inakataa kwenye mashine ile. Tangu hapo akaapa kuandika yale tu ambayo kila shell inayajua. Akikuta njia ya mkato inayofanya kazi hapa na haijulikani kule, anaiacha, anazunguka kwa miguu. "Andika kama unamwandikia mgeni," ndivyo alivyozoea kusema. "Maneno ya mtaani kwenu yaache mtaani kwenu."

Chapchap akasema, kumbe tunafundishwa lugha sanifu! Basi ikawa Bi Sanifu mpaka nyumbani, mpaka kwa muuza maziwa.

Walipendana, shemeji hawa wawili. Utani wao ulifanya watu wa duka la vitambaa wapande ngazi kuuliza kuna nini. Lakini utani una mahali unapogusa, na wakati mwingine mtaniwa anacheka huku moyo umejikunja. Jumapili moja ukoo umekaa kwa mama mkwe baada ya chakula, Chapchap alisimama na sufuria mkononi akaanza kuigiza jinsi shemeji yake anavyoandika kazi. "Ewe sufuria," akasema kwa sauti ya upole ya Bi Sanifu, "naomba uingie jikoni. Umeingia? Naomba uthibitishe kwamba umeingia. Haya. Sasa naomba ukae juu ya jiko. Je, jiko lipo? Tuhakikishe kwanza jiko lipo." Watu walishika mbavu. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga. Bi Sanifu alicheka pia, kwa sababu ilikuwa kweli kabisa, ndivyo alivyoandika. Aliporudi nyumbani alikwenda kulala mapema.

Kazini nako kulikuwa na joto lake. Alikuwa akimrudishia Chapchap kazi zake zimejaa alama, na siku moja alimrudishia mbele ya mkuu wa studio. Chapchap aliinuka, akamfuata hadi kwenye chumba cha mitambo, na safari hiyo hakuwa anatania. "Shemeji," alisema, "wewe hurekebishi kazi. Unanirekebisha mimi."

Jioni ile mume wake, ambaye alikuwa seremala na hakuwa na habari ya shell wala nini, alisema huku anapiga msasa mguu wa kiti: "Mama watoto, wewe dogo umemtafutia kazi au umemrudisha shule? Mwache apumue."

Ndipo Bi Sanifu alipoamua kumwacha apumue.

Muda si mrefu Chapchap aliandika skripti mpya ya kunakili rekodi kila jioni. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, nusu yake haikuwa na maana tena. Aliichapa, akaja nayo, akaiweka mezani kwa Bi Sanifu, akakaa pembeni na kalamu mdomoni kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Ilikuwa kazi nzuri. Bi Sanifu aliona hivyo mara moja, na pia aliona mstari wa kwanza wa amri. Ulisema: set -o pipefail.

Si mstari wa kipumbavu. Maana yake ni hii: amri zikiunganishwa kama mnyororo, hii ikipokea kutoka kwa ile, basi yoyote kati yao ikishindwa, mnyororo mzima uhesabiwe umeshindwa. Bila hiyo, ya mwisho ikifaulu, zilizotangulia hata zikianguka hakuna anayejua. Chapchap aliuweka kwa ajili ya usalama. Ubaya ni kwamba chaguo hilo linajulikana kwa shell kubwa, na shell nyingi ndogo hazilijui. Ukilitaja mbele ya shell isiyolijua, hailiruki. Inakataa na kuacha kazi palepale, kabla hata ya kuanza. Dawa yake Bi Sanifu aliijua kwa moyo: usiunganishe mnyororo, fanya hatua moja, weka matokeo kwenye faili, kagua, fanya ya pili, kagua. Ewe sufuria, umeingia?

Alifungua mdomo. Akaiona ile sufuria, na watu wameshika mbavu. Akaufunga.

Mashine ya akiba waliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa kubwa na ilikuwa inalielewa chaguo hilo vizuri. Siku ikibadilishwa, akajiambia, nitasema.

"Iko sawa," alisema.

"Iko sawa vipi?"

"Iko sawa. Iwashe."

"Hakuna hata nukta ya kunirudishia?"

"Hakuna."

Chapchap aliinuka akacheza, akazunguka kiti chake, akatoa kichwa dirishani na kuwatangazia watu wa duka la vitambaa kwamba leo amefaulu mtihani. Bi Sanifu alimtazama akacheka, safari hii moyo wake haukujikunja popote. Muda mrefu hakuwa amemfurahisha mtu kiasi kile kwa neno moja.

Mama mkwe, mama yao mume wake na Chapchap, alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ndiye msomaji aliyependwa kuliko wote pale studio. Wasikilizaji walipiga simu kumuulizia yeye. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kidogo kwa chini, kama mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Mwaka ule mikwaruzo ilizidi. Mwanzoni walisema mafua, baadaye vumbi la chaki la miaka yote ile. Walipokwenda hospitali wakaambiwa ni uvimbe kwenye koo, na kwamba ili kuuondoa lazima kisanduku cha sauti kiondoke nao.

Alimwita mkwe wake chumbani, akamkalisha kitandani. "Mwanangu," alisema, "daktari amenipa nichague, sauti au mimi. Nimejichagua mimi. Lakini kabla haijaenda, nina kitu nataka kukisema. Vitabu vya watu nimesoma vya kutosha."

Alitaka kurekodi hadithi zake mwenyewe. Alikuwa amezitunga kwa ajili ya wanawe walipokuwa wadogo, hazikuandikwa popote, na zote zilimhusu mwanamke mmoja fundi viatu aliyeshonea wanyama. Ilikuwepo ya jongoo aliyekuja kupimwa na kufunga foleni mpaka jioni. Ilikuwepo ya konokono asiye na mguu hata mmoja, lakini alitaka kiatu, na hakutaka kuambiwa hapana. Seremala na Chapchap walikuwa wamelelewa nazo, na mpaka utu uzima wao mmoja akimkera mwenziwe anaambiwa, "Usijifanye konokono hapa."

"Mimi nitasema," mama mkwe alimwambia. "Wewe ndiye mwenye kabati. Niwekee."

"Nitakuwekea, mama."

Wiki hizo hizo, ile mashine kubwa ya akiba ilianza kutoa mlio kama wa jiwe kwenye kinu, na mkuu wa studio akaagiza kisanduku cha kuhifadhia, kidogo, sawa na mkate wa kukata, kisichotumia umeme mwingi. Kilifika siku ambayo Bi Sanifu alikuwa hospitalini na mama mkwe kwa vipimo. Simu ikaita yupo kwenye benchi la korido, mkoba wa mama mapajani.

"Shemeji, mkate umefika," Chapchap alisema. "Nahamisha kila kitu leo. Unataka kuipitia ile skripti tena kabla sijaiwasha?"

Mstari ule ulimjia hapo hapo, kana kwamba umeandikwa kwenye ukuta wa mbele. Kisanduku kama kile huwa na shell ndogo. Alijua. Alichotakiwa kusema ni sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingezaa swali, kwa nini hukusema siku ile, na yeye alikuwa amechoka, na nesi alikuwa ameshafungua mlango anaita jina la mama.

"Nimeshaipitia," alisema.

"Kwa hiyo unaniamini?"

"Nakuamini. Nitakupigia."

Hakupiga. Alijiambia kesho atamwambia uso kwa uso, kwa utani kidogo, asiumie. Kesho yake mama alikuwa na homa. Kesho kutwa walianza kurekodi, na kuanzia hapo hakuwaza kingine.

Chapchap alifanya kazi yake kwa uangalifu kuliko jina lake. Alinakili kwa mkono vitabu vyote vilivyokuwepo, akafungua kadhaa, vikasikika. Akaijaribu skripti kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikakimbia bila kujikwaa. Kisha akaiweka kwenye kisanduku na kuipangia saa yake ya jioni. Taarifa za makosa zilikuwa zikitupwa zisionekane, kwa sababu mkuu wa studio alikwishalalamika kwamba barua pepe za mashine zinamjazia sanduku. Basi kila jioni kisanduku kiliamka, kikasoma mstari wa kwanza, kikakataa, kikalala. Hakuna aliyesikia.

Nao walikuwa wakirekodi. Mama mkwe alikaa mbele ya maikrofoni na glasi ya maji ya uvuguvugu, anasema kidogo, anapumzika. Upande wa pili wa kioo alikaa Bi Sanifu, na pembeni yake mhakiki wa sauti, mwanamume asiyeona aliyefanya kazi ya opereta wa simu kwenye ofisi moja kubwa na aliyekuja studio siku zake za mapumziko kusikiliza kama rekodi ina kasoro. Siku mbili za kwanza alikuwepo. Kwenye hadithi ya konokono alicheka mpaka ikabidi atoke nje, kicheko chake kisiingie kwenye rekodi. Siku zilizofuata alikuwa na zamu kazini.

Chapchap hakuingia hata mara moja. "Nitasikiliza zikiisha," alisema. "Sasa hivi nikisikiliza nitamharibia."

Siku ya mwisho mama alimaliza, akavua vipokea sauti, akaviweka mezani polepole. "Basi," alisema kwenye maikrofoni, kwa wale waliokuwa nyuma ya kioo. "Nimemaliza maneno yangu." Upasuaji ulifanyika wiki ile ile, na ulikwenda salama.

Alikuwa bado wodini pale diski ya kompyuta ya studio ilipokufa. Umeme ulikatika asubuhi ukarudi kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena. Bi Sanifu hakushtuka sana. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na akiba. Alikaa mbele ya kisanduku, akafungua kabati la rekodi, akashuka na tarehe. Vitabu vya zamani vyote vilikuwepo. Orodha ilifika siku kilipoletwa kisanduku, ikakoma.

Aliiendesha skripti kwa mkono ili aone kwa macho yake. Kisanduku kilijibu kwa mstari mmoja tu kwamba hakilijui chaguo hilo, kikanyamaza.

Mafundi wa diski waliipokea ile iliyokufa, wakakaa nayo, wakairudisha na kutikisa kichwa. Mkuu wa studio aliwaita wote wawili ofisini. Hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza nini kimetokea, na kwa kuwa aliyezoea kueleza ni Bi Sanifu, akaeleza yeye. Alieleza vizuri, kama mwalimu: chaguo hili ni la shell kubwa, hiki kina shell ndogo, ilipolikuta ikaacha kazi.

"Skripti ameandika nani?" mkuu aliuliza.

"Mimi," Chapchap alisema.

Mkuu akamgeukia Bi Sanifu. "Wewe ungeuona huo mstari?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake la kweli lilikuwa jepesi vilevile.

"Ningeuona," alisema.

Chapchap aliinua macho akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kidogo, halafu akarudisha macho kwenye zulia. "Ni kosa langu, mkuu," alisema. "Niliharakisha. Mnanijua."

Hakusema kwamba alimpa aisome. Hakusema kwamba alimpigia simu hospitalini. Bi Sanifu alisubiri aseme, akiwa amesimama pale, na kila alivyozidi kukaa kimya ndivyo nafasi yake mwenyewe ya kusema ilivyozidi kuwa nyembamba, mpaka mkuu akainuka na kufungua mlango.

Seremala ndiye aliyekwenda kumwambia mama yao. Mama alisikiliza, akageuza uso upande wa dirisha, akakaa hivyo mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Chapchap hakuweza kuingia wodini. Alisimama nje kwenye ua na mfuko wa machungwa, na mwishowe akampa kaka yake ampelekee. Hakukaa sana baada ya hapo. Alipata kazi kwenye kiwanda cha unga, mji mwingine, akahama. Kwenye ukoo, habari ilizunguka ilivyozunguka: Chapchap na haraka zake kapoteza sauti ya mama yake. Shangazi mmoja alisema, "Laiti angemwonyesha shemeji yake kwanza." Alisema mbele ya Bi Sanifu, kwa nia ya kumsifu. Bi Sanifu alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina mpaka ikajaa kisahani.

Aliishi hivyo msimu mzima. Aliiandika upya skripti, hatua kwa hatua, ikawa haina cha kukataliwa na shell yoyote duniani, na kuiandika hakukumpa raha yoyote. Mama mkwe alikuwa amerudi nyumbani, anaongea kwa kuandika kwenye simu na kuigeuza ili usome. Siku moja wawili hao wakiwa wanachambua mchele barazani, Bi Sanifu aliweka ungo chini.

"Mama," alisema, "ule mstari niliuona."

Mama mkwe aliacha kuchambua.

"Alinipa niusome. Niliuona siku ile ile. Nikanyamaza kwa sababu sikutaka ugomvi, na kwa sababu... alikuwa amefurahi. Na siku tuko hospitali aliniuliza tena. Nikamwambia nimeshaipitia."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa machozi pia. Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akaandika taratibu kwa kidole kimoja, akaigeuza.

Ilikuwa imeandikwa: Yeye umemwambia?

"Bado."

Mama akairudisha simu mapajani, akaendelea na mchele.

Bi Sanifu alianza na mkuu wa studio, kwa kuwa alikuwa karibu. Mkuu alimsikiliza, akavua miwani, akajisugua macho. "Sasa unataka nikufukuze ili ujisikie vizuri?" aliuliza. "Sina mtu mwingine. Rudi kazini." Kisha, alipokuwa ameshafika mlangoni: "Lakini ungesema siku ile."

Kwa Chapchap alikwenda mwenyewe. Alimkuta saa ya chakula nje ya geti la kiwanda, kwenye benchi la saruji, amejaa vumbi la unga mpaka kope, kwa sababu hata ofisi ya kompyuta ya kiwanda cha unga haiponi. Alipomwona alisimama ghafla. "Mama yuko salama?"

"Yuko salama. Nimekuja kwako." Wakakaa. "Ule mstari wa kwanza," alisema. "Pipefail. Niliuona."

"Uliuona lini?"

"Uliponipa karatasi. Niliuona, nikasema iko sawa."

Chapchap alijipangusa unga kwenye mkono wa shati, mkono mmoja, halafu wa pili. Wafanyakazi wenzake walipita wakimsalimia, akawapungia.

"Mimi nilidhani umekupita," alisema mwishowe. "Nilijiambia, hata Bi Sanifu ana siku zake, ana mgonjwa, ana watoto. Ndiyo maana sikusema pale ofisini. Nilijiambia jina lake ni hilo, nikimvua nitamwachia nini?"

"Najua."

"Kumbe uliuona."

"Nilichoka kugombana na wewe. Kila nikikurudishia kazi unanuna. Siku ile ya sufuria—"

"Sufuria?" Alimgeukia kabisa. "Shemeji, ile sufuria nilikuwa nakutania! Kila siku nilikuwa nakutania. Hukujua? Unajua kwa nini niliandika haraka haraka? Kwa sababu najua wewe utasoma. Nilikuwa nalala usingizi kwa sababu wewe ndiye unayesoma. Ungeniambia tu. Ningenuna mpaka saa kumi, kesho yake ningekuja nimesahau."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema upesi, kwa namna ambayo mtu hulipa nauli. Kengele ya kiwanda ililia. Alisimama, akajikung'uta. "Asante kwa kuja mpaka huku. Msalimie kaka."

Alitimiza neno lake la msamaha. Kwenye ukoo hakumsema popote; ni Bi Sanifu mwenyewe aliyekwenda nyumba kwa nyumba kueleza, na baadhi yao hawakupenda kuelezwa, walikwishazoea ile habari ya kwanza. Chapchap alirudi kuja kwa mama yake Jumapili moja moja. Lakini zamani, akifika, angeanzia getini kumwita shemeji yake kwa makelele, amwulize kama ameithibitisha chai kwamba imeingia kikombeni. Sasa alikuwa anapiga hodi. "Shikamoo, shemeji," anasema, na kichwa anakiinamisha kidogo. Bi Sanifu anaitikia marahaba. Wanaulizana hali ya watoto na hali ya kazi. Alisikia kwa mtu mwingine kwamba kule kiwandani Chapchap anaandika skripti zilizonyooka, hata mashine ya bibi yake ingezielewa, na kwamba kabla ya kuziwasha humpa mwenzake mmoja wa zamu azisome. Bi Sanifu alifurahi kusikia, halafu akaenda kukaa peke yake kwenye chumba chenye feni.

Zile hadithi, mama mkwe alijaribu kuziandika kwenye simu. Anaandika, anafuta. "Zikiandikwa zinakuwa fupi," aliwaonyesha. Ndipo yule mhakiki wa sauti, opereta wa simu, alipotuma salamu kwamba yeye anazikumbuka mbili, zile alizozisikia, na kama hawatajali angependa kuja kuzisimulia ziwekwe.

Alikuja Jumapili ambayo Chapchap naye alikuwepo, akakalishwa sebuleni karibu na mama mkwe, na Bi Sanifu akaweka maikrofoni kati yao. Alisimulia ya konokono. Sauti yake ilikuwa ya kazini, safi na ya adabu, kama anayekuunganisha na idara nyingine. Alipokosea, mama mkwe aligonga mkono wa kiti kwa pete, naye akasimama, akarudi nyuma, akajaribu tena mpaka kugonga kukaisha. Walipofika kwa jongoo akakwama. Hakukumbuka jongoo alilipa nini alipoambiwa viatu vyote viko tayari. Mama aliandika, akampa simu Chapchap amsomee mgeni, kwa kuwa mgeni haoni. Chapchap alisoma kimya kwanza, akaanza kucheka, akashindwa kusoma, mama naye mabega yakawa yanatikisika bila sauti, na opereta akawa anauliza, "Nini? Kasema nini?"

Bi Sanifu alisimama mlangoni na sinia la chai. Chapchap alimwona, akajifuta macho haraka, akainuka kumpokea kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji," alisema. "Usisumbuke, kaa."

Akamsogezea kiti kilicho kizuri, kile cha wageni.